Siku Afande Alipokanyaga Breki

Ipo asubuhi moja ya Jinja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka bado nasikia harufu ya dizeli na rangi ya mafuta. Ni asubuhi niliyozuiwa kusema sentensi moja tamu sana. Yeyote anayenijua atakuambia kwamba mimi si mtu wa kuzuiwa kusema. Kaa hapa nikusimulie, kwa sababu nasikia na wewe mdomo wako umeanza kusifiwa.

Zilikuwa zama za utawala wa jeshi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na ushee, mzaliwa wa Mbale, nikifanya kazi ya umeme wa magari kwenye gereji ndogo huko Nalufenya. Nikisema gereji usione jengo. Yalikuwa mabati machache juu ya nguzo, benchi la mbao, na rundo la waya za zamani ambazo hatukuthubutu kutupa hata kipande, kwa maana vipuri vilikuwa vimeadimika tangu Wahindi wafukuzwe na maduka yao makubwa yapate wenyewe wapya. Ukipata balbu nzima ulikuwa unaifunga kwenye kitambaa na kulala nayo.

Mwenye gereji alikuwa Mzee Farajallah, Mnubi wa palepale Jinja. Babu yake aliletwa Uganda kama askari enzi za Waingereza, na mjukuu akaishia kwenye nyaya. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye ndevu alizozipenda kuliko spana zake. Alikuwa na utaratibu mmoja ulionichosha sana. Akigundua ubovu wa gari hakuutengeneza mpaka mwenye gari aje, ainame, auone kwa macho yake mwenyewe. Hata kama ni waya uliokatika tu, alimwita mwenyewe: njoo uone. Mimi niliona tunapoteza muda. Wateja wengine walikuja na kanzu nyeupe, nao wanaambiwa walale chini ya lori!

Basi asubuhi hiyo alikuja Mama Atieno, mama Mkenya aliyeuza chai na maandazi kando ya barabara kuu upande wa Mafubira. Alikuja mbio, leso imemlegea kichwani.

"Hapa ndugu ya Mafabi ni nani?" akauliza.

Mafabi ni kaka yangu mkubwa, tumbo moja. Alikuwa akiendesha lori lenye trela, akileta marobota ya pamba kutoka Mbale hadi viwanda vya Jinja. Nikasema ni mimi.

"Wamemshika jana jioni pale kwenye kizuizi cha jeshi barabarani. Wanasema amepigia watu wa magendo taa, awaambie mbele kuna jeshi."

Akatusimulia. Kaka yangu alikuwa anakaribia kizuizi cha askari, akaanza kupunguza mwendo. Nyuma yake kulikuwa na pikapu iliyofunikwa turubai. Mara pikapu ile ikageuka barabarani na kukimbia kurudi ilikotoka, na mzigo wake haukuonekana tena. Sasa, ndani ya migomba kando ya barabara alikuwa amejificha askari mmoja wa kulinda. Yeye akaapa kwamba kabla pikapu haijageuka, taa za nyuma za trela zilipepesa, kulia na kushoto kwa pamoja. Kwake hiyo ilikuwa ishara. Kwa wakuu wake pia.

Mwanangu, wewe umezaliwa wakati ambapo mtu akishikwa unauliza yuko kituo gani. Sisi tuliogopa hata kuuliza. Waliobandikwa jina la mshiriki wa magendo, au mhujumu wa uchumi kama walivyoita, wengine walirudi, wengine familia zao zinawangoja mpaka leo. Nikakaa juu ya tairi. Nilimwaza mama yetu kule Mbale, na mke wa kaka yangu aliyekuwa ametoka kujifungua. Niliwaza nani angewapelekea habari ile, nikajua ni mimi.

Mzee Farajallah hakusema pole. Alimvutia Mama Atieno benchi, akamuuliza kama anavyouliza wateja wake wote, "Mama, wewe uliziona hizo taa?"

"Niliziona. Nilikuwa nakunja meza yangu."

"Ziliwaka namna gani?"

"Ile nyekundu ya breki ilikataa kabisa. Halafu hizi za rangi ya chungwa, zote mbili, zikawaka kidogo, zikafifia, zikawaka. Lakini hazikuwa na nguvu. Kama taa ya betri iliyokwisha."

Mzee akanitazama, nami nikamtazama. Tulikuwa tumeelewa wote wawili kwa pamoja.

Nikueleze na wewe, si kazi ngumu. Moto wa taa hutoka kwenye betri, ukapita kwenye waya hadi kwenye balbu, kisha lazima upate njia ya kurudi. Kwenye trela, njia hiyo ni waya mmoja tuliouita waya wa bodi, unaofungwa kwa bolti kwenye chuma cha trela. Bolti hiyo ikishika kutu, au ikipakwa rangi, moto unakosa njia. Nao haukubali kukaa. Unapenya kwenye taa nyingine ukitafuta pa kurudia, ndiyo maana unakanyaga breki na indiketa, zile taa za chungwa za kuonyesha kona, ndizo zinazowaka, zote mbili, kwa udhaifu. Na trela ya kaka yangu ilikuwa imetoka kupakwa rangi mpya kwa ajili ya msimu wa pamba. Alinionyesha mwenyewe majuzi, anajivuna nayo.

"Twende," Mzee akasema.

"Mzee, tukienda watatuweka na sisi."

"Huenda. Nawa mikono kwanza."

Yeye mwenyewe alivua kanzu ya grisi, akavaa safi, akachana ndevu zake taratibu mbele ya kioo cha gari la mteja. Nilitamani kumvuta. Kisha akakaa nyuma ya baiskeli yangu, mfuko wa vifaa mapajani, nami nikakanyaga pedeli kuelekea Mafubira.

Pale kizuizini palikuwa na mapipa, gogo, hema moja, na lori la kaka yangu limesogezwa kando na pamba yake yote. Afande aliyekuwa mkubwa pale alikuwa anaumwa jino. Shavu limevimba, amelishika kwa kitambaa, na hasira zote za jino lile zilikuwa zinatafuta mtu. Mafabi alikuwa amekaa chini karibu na hema, bila viatu, mikono imefungwa kamba ya katani, jicho moja limefumba. Aliponiona aligeuza uso upesi. Hakutaka wajue kwamba mimi ni ndugu yake. Niliumia, mwanangu, nikaumia sana, lakini nilimshukuru.

Mzee Farajallah alimsalimu afande kwa Kinubi, wakajibizana kidogo. Halafu akarudi kwenye Kiswahili kwa sauti ya wazi, ili kila askari asikie na pasiwe na wa kusema walinong'ona.

"Afande, mimi ni fundi wa taa. Nimesikia kuna trela hapa inawasha taa ovyo. Naomba niione."

"Taa hapana waka ovyo," afande akasema. "Dereva ndiyo nawasha."

"Inawezekana, afande. Naomba niione tu, na wewe uone."

Afande akabonyeza shavu lake, akafikiri. "Haya. Lakini ukidanganya mimi, utakaa pale na yeye."

Nikatambaa chini ya trela. Bolti niliipata mara moja. Ilikuwa imefunikwa rangi ya kijani, nzito, inang'aa, na waya wake umekaa juu ya rangi badala ya juu ya chuma. Nikaugusa kwa kidole, ukacheza. Furaha niliyopata hapo siwezi kuieleza. Nikachomoa kipande cha msasa mfukoni ili niikwangue ing'ae, taa ziwake, tumchukue ndugu yangu twende nyumbani.

Mzee alikuwa ameinama ananiangalia. "Acha," akasema kwa sauti ya chini. "Hapana gusa."

"Mzee, ni hii hapa."

"Najua ni hiyo. Ukiisafisha sasa hivi, ubovu umekwisha. Utamwonyesha nini? Atasema taa nzima, dereva mkosaji."

Mwanangu, nilibaki na msasa mkononi kama mjinga. Utaratibu ule niliouona wa kupoteza muda, kumbe ndio peke yake uliokuwa umesimama kati ya kaka yangu na kaburi. Nikautoa mwili wangu chini ya trela bila kugusa kitu.

Jua lilikuwa limeshapanda, na taa dhaifu hazionekani juani. Kwa hiyo Mzee akaomba turubai la pamba literemshwe kwa nyuma lifunike taa. Tukaingiza vichwa vyetu humo ndani: Mzee, mimi, yule askari wa migombani, na afande na shavu lake. Askari mwingine akapanda kwenye lori akakanyaga breki.

Taa za breki zikawaka. Nyekundu, safi, zenye nguvu. Indiketa zikakaa kimya kabisa.

"Tena!" afande akaamuru. Zikawaka tena vizurivizuri. Afande akacheka, jino likamkumbusha, akakunja uso. "Sasa, mzee. Taa iko sawa. Nyinyi nakuja danganya mimi?"

Mzee hakuharakisha neno hata moja. "Afande, jana gari hili lilikuwa linatembea. Ubovu wake ni wa kutembea. Naomba litembezwe kidogo, polepole, na sisi tulifuate."

Alikuwa sahihi, na mimi kwa hofu nilikuwa nimesahau. Lori na trela vimeungwa kwa pini kubwa ya chuma. Chuma kikilalia chuma, moto hupata kanjia ka kurudia palepale kwenye pini, na taa zinakuwa nzima. Trela ikisukumwa mbele, chuma kikaachana na chuma, njia hiyo inapotea. Vile lilivyosimama asubuhi ile, vyuma vilikuwa vimelaliana.

Afande alisita. Nadhani kilichomshinda ni hamu ya kuona tu. Akakubali kwa kichwa, lori likawashwa, nasi tukatembea nyuma yake vichwa vikiwa ndani ya turubai, wakubwa na wadogo, tunakanyagana visigino. Mama Atieno, aliyekuwa ameshatufuata hadi kwenye meza yake, aliniambia baadaye alitaka kucheka akaogopa kufa.

Lori likafunga breki. Pini ikagonga, na mbele ya macho yetu nyekundu ikakosekana, zile za rangi ya chungwa zikawaka zote mbili, hafifu, zikipepesa.

"Afande, hiyo!" askari wa migombani akapiga kelele. "Hiyo ndiyo mimi naona jana! Hiyohiyo!"

Afande akatoka ndani ya turubai, akamteremsha yule askari aliyekuwa akiendesha. "Toka. Mimi mwenyewe."

Akapanda. Akaliondoa lori, likaenda hatua chache, akakanyaga breki.

"Zimewaka, afande!" askari wa migombani akaita kutoka ndani ya turubai.

Kichwa chake kikatokea dirishani. "Zile za chungwa?"

"Ndiyo, afande! Zote mbili!"

"Lakini mimi hapana gusa indiketa!"

Askari wote walikuwa wamesikia. Kila mtu pale alijua alichokisema, na yeye mwenyewe alikijua. Akateremka taratibu akasimama kando ya gurudumu, ameshika shavu, hatazami mtu.

Na hapo, mwanangu, ndipo ile sentensi tamu ilipokuja. Ilikuja yenyewe, imekamilika, haina kasoro. Nilitaka kumuuliza: "Sasa afande, na wewe ulikuwa unampigia nani ishara?" Kaka yangu amekaa chini amefungwa kamba, jicho limefumba, na mimi nina maneno ya kumlipia kisasi mbele ya jeshi zima! Nikafungua mdomo. Nikasema, "Sasa afande..."

"Kijana," Mzee akanikata, bila hata kunitazama, "leta maji, afande anawe mikono. Usukani una grisi."

Nikaenda kwa Mama Atieno kuchukua maji. Nilikuwa nimekasirika. Niliporudi, Mzee alikuwa anazungumza kwa upole kama mtu anayemsimulia jirani habari za mvua.

"Kijana wako ana macho mazuri, afande. Hakusema uongo. Taa ziliwaka kabisa kama alivyosema, na wale wa pikapu waligeuka kweli. Mtu yeyote angefikiri hivyo. Ni bolti hii moja imechanganya watu wote."

Kisha akanyamaza. Hakuongeza kwamba Mafabi hana kosa. Hakuomba afunguliwe. Afande alinawa mikono, polepole, kidole kwa kidole, na sisi tukangoja. Kungoja kule kulikuwa kurefu kuliko safari ya Mbale.

"Nani alipaka hii rangi?" akauliza ghafla.

Nikashtuka, maana nilijua jina la aliyeipaka, na nilijua linatafutwa ili apatikane mwingine wa kukaa chini pale.

"Wote wanapaka hivyo, afande," Mzee akajibu. "Hata mimi nimepaka bolti nyingi maishani mwangu."

"Tengeneza," afande akasema. "Mbele yangu."

Nikaingia chini, nikakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, nikakaza bolti. Lori likatembezwa, likafungwa breki, nyekundu zikawaka zenye nguvu na za chungwa zikatulia. Afande akakubali kwa kichwa, akaenda pale alipokuwa Mafabi, akaanza kumtukana kwa sauti ya kusikika hadi mtaa wa Kimaka. Dereva gani yeye? Anatembeza trela mbovu barabara ya serikali! Anasumbua jeshi! Akaamuru akatwe kamba, akamsukuma kwa buti kuelekea kwenye lori lake. "Ondoa takataka yako hapa!"

Hakukuwa na samahani. Wala viatu havikurudishwa. Lakini kosa lilikuwa limeshageuka: kutoka kuhujumu uchumi hadi kuwa na bolti mbovu. Kwa bolti mbovu mtu hutukanwa, akaenda nyumbani.

Tulipakia baiskeli juu ya pamba, tukakaa watatu kwenye kabini. Tulipofika Nalufenya Mafabi akaegesha, akaweka kichwa juu ya usukani, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona kaka yangu analia. Nilimshika bega nikalia na mimi, wala sioni haya kukuambia.

Jioni, tunafunga vifaa, Mzee Farajallah akaniuliza, "Pale ulitaka kusema nini?"

Nikamwambia ile sentensi, tena kwa fahari, nikitegemea acheke. Hakucheka.

"Ni maneno mazuri," akasema. "Ungekuwa umemshinda kabisa. Askari wake wangecheka. Halafu? Mtu ameaibika mbele ya watu wake, ana bunduki, ana jino linauma, na ndugu yako yuko miguuni pake. Ulitaka kaka yako atoke, au ulitaka kushinda?"

Nilikuwa nimeamini siku nzima kwamba hayo mawili ni kitu kimoja.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa vijana wengi hunielewa vibaya. Sikuambii umwogope mkubwa, wala sikuambii uufiche ukweli ili uishi. Mzee yule hakuficha kitu. Alichana ndevu zake akaupeleka ukweli hadi mlangoni kwa watu wenye bunduki, akamfanya mwenye kushtaki aukanyage kwa mguu wake mwenyewe. Huo ni ujasiri kuliko wangu mara nyingi. Alichokataa ni kile cha ziada, ile raha ya kumwona mtu amechutama kwa aibu. Kwa raha hiyo ndogo kaka yangu angelipa.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimtetea mtu usikimbilie kufuta chanzo cha shutuma. Mwache anayemshuku aone mwenyewe, hata kama unajua jibu na mkono unakuwasha. Na akishaona, nyamaza. Mpe maji anawe. Mpe sababu ya kubadili neno lake bila kuvuliwa nguo hadharani. Fanya hivyo kazini kwako kwa yule msimamizi unayemdharau, na nyumbani kwa mwenzako mnapogombana. Siku hizi naona mtu akikosea mnamweka kwenye simu zenu nchi nzima imcheke, halafu mnashangaa kwamba hakubali kosa. Atakubalije, na mmeshamzibia kila upande?

Nimegombana na watu wengi tangu asubuhi ile, kwa maana tabia ni tabia. Lakini kila sentensi tamu inapokuja mdomoni huwa najiuliza ni nani amekaa chini akingoja, mikono imefungwa. Karibu kila mara yupo mtu.

Haya, nenda salama. Mungu akupe macho ya kuuona ukweli na miguu ya kuupeleka panapotisha. Akulindie ndugu zako barabarani. Na siku ambayo wewe ndiye umekosea, watu wote wamesikia na huna pa kuuweka uso wako, akupe mtu mpole kando ya gurudumu atakayekuacha uteremke bila kukucheka.